Pembetatu Isiyoonekana

Menyu ya bidhaa ya Amazon iliwahi kuwa na tabia moja ambayo wanunuzi hawakuitambua na mafundi wa tovuti waliionea wivu. Ukiweka kishale juu ya jina la idara upande wa kushoto, upande wa kulia ilifunguka orodha ya vilivyomo. Ukishuka kwenye idara ya pili, orodha ilibadilika papo hapo. Ya tatu, papo hapo. Hadi hapo hakuna cha ajabu. Ajabu ilikuja pale ulipoipenda orodha moja ukataka kuingia ndani yake. Ulivuta kipanya mshazari, kishale kikapita juu ya majina ya idara mbili tatu usizozitaka, na orodha yako ikakaa palepale ikikungoja.

Mwenye kuijua kazi hii anaona mara moja kwamba tabia hizo mbili hazikai chungu kimoja. Menyu inayobadilika papo hapo ilipaswa kubadilika pia kishale kilipokatiza njia, ufike kulia ukute umefunguliwa vifaa vya bustani ilhali ulitaka vitabu. Ndiyo maana mafundi wengi walitumia dawa ya kuchelewesha: kishale kikigusa jina jipya, programu isubiri kidogo kabla ya kubadilisha orodha. Dawa hiyo inatibu huku ikiumiza. Mkono unaokwenda mshazari unapona, lakini anayetaka kupitia idara moja baada ya nyingine anasubirishwa kila hatua, kama mtu anayepanda ngazi nyembamba nyuma ya mchukuzi mwenye kabati.

Mwaka 2013 Ben Kamens, mhandisi wa Khan Academy, tovuti ya elimu huko Marekani, aliichezea menyu ile mpaka akaifumbua, akaeleza siri yake. Kila kishale kinaposogea, programu inachora pembetatu ambayo haionekani kwenye skrini. Ncha moja ni pale kishale kilipo. Nyingine mbili ni kona ya juu na kona ya chini za ukingo unaopakana na orodha iliyofunguka. Hatua inayofuata ikiangukia ndani ya pembetatu, mtu huyo yuko njiani kuingia, asisumbuliwe. Ikiangukia nje, amebadili nia, abadilishiwe bila kusubiri. Kamens aliandika programu ndogo inayofanya hivyo, akaiita jQuery-menu-aim, akaitoa bure. Inakumbuka mahali patatu pa mwisho kishale kilipopita, na mtu akisitasita ndani ya pembetatu inampa milisekunde 300 kabla ya kukata shauri.

Wazo lenyewe lilikuwa na mvi. Bruce Tognazzini, aliyekuwa akibuni namna watu wanavyotumia kompyuta za Apple, ameeleza kwamba katikati ya miaka ya 1980, alipoandika kanuni za menyu za Macintosh zenye menyu nyingine pembeni, aliagiza kuwe na eneo la msamaha lenye umbo la alama ya <, linalotanuka kadiri kishale kinavyokaribia menyu hiyo ya pembeni. Karibu miaka 30 baadaye wajenzi wa tovuti walikuwa wakiliokota upya, kama kwamba halijawahi kuwapo.

Jiometri yake ni ya sekondari tu. Kinachonishika mimi ni kwamba mtu fulani alikaa akautazama mkono wa mwanadamu jinsi ulivyo. Mkono hauendi kwa rula. Unapinda, unapitiliza, unarudi, unatetemeka kidogo mwishoni. Ingewezekana kusema kwamba watumiaji wajifunze kwenda kulia kwanza, ndipo washuke. Wengi walisema hivyo na bado wanasema, kwa vitendo kama si kwa maneno. Huyu aliamua kwamba kosa ni la menyu.

Kwa Kiswahili kitu hiki tunakiita menyu kunjuzi, jina ambalo kwa maoni yangu limepatia kuliko la Kiingereza, linalosema tu kwamba kitu kinaanguka. Mkeka hukunjuliwa. Kanga hukunjuliwa dukani ili mteja aone pindo na maneno yake. Mwenye uso mkunjufu ni yule anayekupokea bila kinyongo. Menyu kunjuzi za zamani zilikuwa ukanda mwembamba, majina yamejipanga mstari mmoja na mengine yamejificha ndani ya mengine. Menyu kunjuzi kubwa za siku hizi ni mkeka mzima: unatandikwa chini ya upau wa juu, na mambo yote ya idara hiyo yanaonekana kwa pamoja, yamegawanywa safu kwa safu, kila safu na kichwa chake. Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, alipoandika kuzihusu mwaka 2009 alizisifu kwa hilo: kinachoonekana kinaweza kulinganishwa kwa jicho, wakati kilichofichwa lazima kikumbukwe.

Nielsen alitoa pia vipimo vya muda, na hapa nakaa kidogo. Kishale kikifika juu ya neno kwenye upau, ngoja nusu sekunde. Kikiwa bado kipo, mkeka utandikwe ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Uachwe wazi mpaka kishale kiwe kimetoka nje kabisa kwa nusu sekunde nyingine, ndipo ukunjwe, nao upesi vilevile. Ile nusu sekunde ya kwanza ni hodi. Watu wengi wanaopita juu ya upau hawana haja na menyu. Wanakwenda juu kwenye kisanduku cha anwani, au wanarudi kutoka huko. Menyu inayofunguka kwa kila apitaye ni kama mwenye nyumba anayekimbia mlangoni kila asikiapo hatua za mtu barabarani. Ile ya mwisho ni ya mgeni aliyeaga: hufungi mlango kabla hajafika uani, huenda amesahau mwavuli. Anayejenga menyu bila vipimo hivi anajenga kitu kilekile kwa picha, na ukikitumia kinakuchosha usijue kwa nini.

Lakini vipimo na pembetatu ni kazi ya mwisho. Ya kwanza ni ya karatasi, na ndiyo inayochukua siku nyingi. Fundi mzuri huanza kwa kuandika kila kitu kilichomo kwenye tovuti juu ya kadi, kimoja kimoja, kisha anawapa watu wa kawaida wazipange mafungu na kuyapa mafungu hayo majina yao wenyewe. Ukilifanya zoezi hili mara moja hutaamini tena kwamba unajua mambo yanakwenda wapi. Chukua kanga. Kuna atakayeiweka kwenye nguo za kike, atakayeiweka kwenye vitambaa, atakayeiweka kwenye zawadi kwa sababu hajawahi kujinunulia, amekuwa akiwanunulia wengine tu. Halafu anakuja mtu wa Mombasa anaisogeza kadi pembeni na kuuliza leso ziko wapi. Kwa mtu wa Dar es Salaam leso ni kitambaa cha kufutia jasho. Kwa mtu wa Mombasa ndiyo kanga yenyewe, jozi, na majina yake. Duka linalouzia pande zote mbili likiandika neno moja tu, nusu ya wateja wataambiwa bidhaa haipo ilhali imejaa ghalani.

Wakutubi walipambana na mgogoro huu kabla yetu. Melvil Dewey alipotoa mfumo wake mwaka 1876, kitabu kilipaswa kuwa na rafu moja tu, kwa sababu kitabu ni kitu cha karatasi na hakiwezi kukaa mahali pawili. S. R. Ranganathan wa Madras, India, alionyesha mwaka 1933 kwamba jambo moja linaweza kutazamwa kwa nyuso kadhaa, na nyuso hizo zikaunganishwa. Mjenzi wa menyu amepata bahati ambayo Dewey hakuwa nayo: kiungo cha kanga kinaweza kukaa kwenye nguo, na kwenye zawadi, na leso ikapelekwa hukohuko, bila kuongeza hata kanga moja ghalani. Bahati hiyo ina mtego wake. Ukiweka kila kitu kila mahali, mkeka unarudi kuwa rundo.

Baada ya kadi huja jaribio la kinyume. Mafungu yanaandikwa kwa maneno matupu, bila rangi wala picha, na mtu anapewa kazi: tafuta mahali pa kurudishia kiatu kisichokutosha. Unatazama anaanzia tawi gani, anarudi wapi, anakata tamaa wapi. Ni kazi ya kunyenyekea. Neno ulilolipenda wiki nzima linakufa mbele yako kwa sababu watu watano mfululizo hawakulifikiria.

Wapo watakaokuambia kwamba menyu isizidi mambo saba, wakimtaja mwanasaikolojia George Miller na makala yake ya mwaka 1956. Miller alikuwa akizungumzia kiasi ambacho akili inaweza kukishika kwa muda mfupi bila kukiona. Menyu iko mbele ya macho, hakuna anayeikariri. Vitu 40 vilivyopangwa vizuri ni vyepesi kuliko 7 vyenye majina ya mafumbo.

Na mafumbo hayo nimeyaona zaidi kwenye tovuti za ofisi kubwa. Kila idara hudai safu yake, na mkeka unakuwa ramani ya vyeo. Mwananchi anatafuta leseni ya biashara, anakutana na majina ya kurugenzi. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha saa nne, ofisi siitaji, kikao kizima kikibishana safu ya nani itangulie kushoto. Hakuna aliyeuliza watu huja kutafuta nini. Menyu ile ilipojengwa ilikuwa pana, nzuri kwa macho, na simu za kuulizia leseni ziliendelea kuingia kama mwanzo.

Kuna jambo la Kiswahili ambalo miongozo ya wenzetu haiwezi kulisema, nami nalipenda kuliko yote. Katika Kiingereza sifa hutangulia, nomino hufuata. Kwetu nomino ndiyo kichwa. Ukiandika safu ya viungo: Viatu vya kike, Viatu vya kiume, Viatu vya watoto, Viatu vya michezo, jicho linaloteremka ukingo wa kushoto linasoma viatu, viatu, viatu, viatu, na tofauti imejificha mwishoni. Fundi anayeijua lugha hulipandisha neno hilo juu, likawa kichwa cha safu: Viatu. Chini yake anaacha: Vya kike. Vya kiume. Vya watoto. Vya michezo. Tazama kilichotokea. Ile vya inashikamana na kichwa chake. Safu ya Nguo itakuwa na Za kike, Za kiume. Safu ya Mikoba itakuwa na Ya shule, Ya safari. Upatanisho wa ngeli, ule uliotutesa kwenye mitihani, umekuwa uzi unaoshona safu na kichwa chake, na jicho likipotea katikati ya mkeka, herufi mbili tatu za mwanzo zinalirudisha nyumbani.

Kwa sababu hiyohiyo menyu iliyotafsiriwa neno kwa neno hujulikana kwa mbali. Tovuti za lugha nyingi huweka neno moja mara moja kwenye hazina yao na kulitumia kila safu. Kwa Kiingereza inafaa. Kwa Kiswahili unapata Viatu, na chini yake Wanaume, Wanawake, Watoto, utadhani duka limeanza biashara ambayo sheria iliipiga marufuku zamani. Dawa ni kumpa mtafsiri kila safu na maneno yake, kazi ya alasiri moja ambayo bajeti nyingi huisahau.

Kwenye ujenzi wenyewe, adui mkubwa ni ufa. Kati ya neno la kwenye upau na mkeka unaofunguka chini yake, mbunifu huacha nafasi ya pikseli chache ili ipendeze. Kishale kinashuka, kinaingia kwenye nafasi hiyo, na kwa muda huo mfupi hakipo juu ya neno wala juu ya mkeka. Menyu inadhani mtu ameondoka, inajifunga. Methali ya ufa na ukuta hapa si mafumbo, ni maelekezo ya kazi: ziba nafasi hiyo kwa upana usioonekana wa mkeka wenyewe, uonekane umeachana na upau huku umeugusa. Vivyo hivyo kati ya kiungo na kiungo. Mwanasaikolojia Paul Fitts alipima mwaka 1954 jinsi muda wa kufikia kitu unavyotegemea umbali wake na ukubwa wake. Kwa hiyo anayefanya herufi peke yake ziwe za kubofya, wakati mstari mzima ungeweza kubofyeka, amemnyima mtu ukubwa ambao haukugharimu chochote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata kufungua tu kulikuwa shida. Patrick Griffiths na Dan Webb walieleza mwaka 2003 njia waliyoiita Suckerfish: orodha ya kawaida ya viungo, ikifunguliwa na kanuni za CSS, lugha ya kupamba kurasa, pamoja na mistari michache ya JavaScript kwa ajili ya kivinjari cha Internet Explorer, ambacho hakikujua kuitikia kishale isipokuwa juu ya kiungo. Uzuri wa njia ile haujachakaa. Chini ya mapambo yote palikuwa na orodha halisi, na mapambo yakishindwa orodha inabaki inasomeka.

Orodha hiyo ndiyo anayoisikia asiyeona. Kisoma skrini hakijui mkeka wala safu. Kinasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye msimbo. Kwa miaka kadhaa mafundi wenye nia njema walikitangazia kwamba hii ni menyu ya aina ya programu za kompyuta, ile inayotembezwa kwa vitufe vya mishale, na wasioona wakajikuta ndani ya kitu chenye kanuni ambazo tovuti haikuzitimiza. Njia ya unyenyekevu ni bora: kitufe kinachotamka kama kimefunguliwa au kimefungwa, na ndani yake orodha za viungo. Na pale tulipoandika Vya kike peke yake, msikilizaji aliyeomba kusomewa viungo tu hana kichwa cha safu mbele yake, kwa hiyo fundi humwekea Viatu vya kike masikioni. Tena lugha yetu inasaidia: neno lililofichwa linatangulia, na maneno yanayoonekana yanabaki mazima, kwa mpangilio uleule.

Mwongozo wa WCAG 2.1, wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, uliotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwezi Juni 2018, uliongeza masharti matatu juu ya chochote kinachochomoza kwa kishale au kwa kibodi. Kiweze kuondolewa bila kusogeza kishale, kwa mfano kwa kitufe cha Esc. Kishale kiweze kuingia juu yake bila kitu hicho kutoweka. Na kibaki mpaka mtu mwenyewe akiondoe, au aondoe kishale au kibodi, au kiwe hakina maana tena. Yanasikika kama urasimu mpaka umwone mtu aliyekuza skrini mara nne kwa sababu ya macho. Yeye anaona kipande kidogo tu cha ukurasa. Mkeka ukimfunika alichokuwa akisoma, hana pa kukimbilia.

Kisha simu. Kidole hakielei juu ya kioo kama kishale. Kinagusa au hakigusi. Tangu simu za kugusa zienee, nusu sekunde ya hodi na pembetatu ya Tognazzini havina kazi kwa mtu aliye kwenye daladala au matatu, na kwa wasomaji wetu wengi tovuti ni simu. Mkeka unakunjwa tena, unaingia nyuma ya ile mistari mitatu ambayo mbunifu Norm Cox aliichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, na kila kichwa cha safu kinakuwa cha kugusa na kufunua. Fundi hodari hapa huhesabu pia bando. Menyu kubwa yenye picha hupakuliwa mara nyingi hata kabla haijafunguliwa, na anayeilipia ni msomaji ambaye huenda hataifungua kabisa. Picha zisubiri mpaka ziitwe.

Menyu ya mwisho niliyoijenga niliipeleka kwa shangazi yangu kwenye kompyuta ndogo, kwa sababu mkono wake unatetemeka kidogo na hana huruma na vitu vibovu. Nilimwamkia, nikamwomba atafute sufuria ya kupikia pilau ya watu ishirini. Kishale kilipita juu ya upau, kikasita, mkeka ukafunguka. Akavuta kwenda kulia kwa mstari uliopinda kama njia ya mbuzi, akakatiza Mapazia, akakatiza Magodoro, na safu ya vyombo ikakaa imara. Nilikuwa nimeshika pumzi. Yeye alisogeza miwani, akasoma, akabofya.

“Mwanangu,” akasema, “hawa wamewahi kwenda sokoni kweli? Bei gani hii ya sufuria?”